Madirisha Yasiyolingana Nafasi: Namna ya Kuupanga Ukuta wa Mbele Bila Kubomoa

Mvua zikikatika, mwezi wa nne kwenda wa tano, simu yangu hujaa picha za kuta. Mwenye lupango (kiwanja chenye nyumba) anasimama barabarani, Katuba au Ruashi au Kampemba, mitaa ya Lubumbashi, anapiga picha nyumba yake na kunitumia pamoja na swali lile lile: madirisha mawili yamebanana kushoto, la tatu limekimbilia kulia, fundi, nifanyeje? Wengi wameshajaribu kabla ya kuuliza. Wamezungushia kila dirisha fremu nyeupe nene, wakidhani weupe utaficha kasoro.

Nami nililifanya kosa hilo, tena kwenye nyumba yangu mwenyewe. Mama mkwe alipokuja kutusalimia alisimama getini, akaangalia, akasema: "Papa, hii nyumba yako inanikonyeza." Hakukosea. Dirisha dogo la jikoni, na weupe wake pembeni, lilikuwa kama jicho lililofumbwa nusu.

Fremu nyeupe humlazimisha mpita njia ahesabu: moja, mbili, tatu. Akihesabu, ataona mapengo. Kazi yote inayofuata hapa inakwenda kinyume cha hapo. Tunampa mstari mrefu wa kufuata na makundi mawili ya kuangalia, basi, hana cha kuhesabu.

Maelezo ni ya nyumba isiyo na ghorofa, ya matofali ya kuchoma, iliyokwisha kupigwa plasta (krepi, kama wengi hapa Lubumbashi wanavyoita). Kama matofali yako yako wazi, hatua ya 4 na ya 5 zinabadilika kidogo. Nitasema mahali pake.

## Vitu vya kuandaa

Vya kupimia: futi ya mita 5, mpira wa maji unaoonyesha wenye urefu wa mita 12 hivi, uzi wa mwashi, timazi, kipande cha makaa, karatasi na kalamu.

Vya plasta: mfuko 1 wa simenti wa kilo 50, ndoo 7 za lita 20 za mchanga uliochekechwa, patasi na nyundo, mwiko, mbao mbili nyembamba zilizonyooka, misumari, magunia ya zamani.

Vya rangi: lita 10 za rangi ya maji kwa ukuta, lita 4 za rangi ya mafuta nyeusi-kahawia au kijivu cha makaa, lita 2 za rangi ya maji ya krimu, msasa, brashi ya waya, brashi mbili, rola, utepe wa karatasi wenye gundi.

Na ngazi imara. Udongo wetu mwekundu ukilowa kidogo tu unateleza, kwa hiyo weka ubao chini ya miguu ya ngazi hata kama ardhi inaonekana kavu. Utakuwa unamwagia ukuta maji siku nzima, na maji hayo yanashukia pale pale ngazi iliposimama.

Vipimo hivi vinatosha ukuta wa mbele wa mita 10 hadi 11. Usinunue rangi sasa. Nunua mwishoni, plasta ikiwa inakauka. Watu wengi hubadilisha mawazo baada ya hatua ya 2.

## Kabla ya kushika nyundo

"Si nibomoe tu, nilisogeze dirisha?" Hapana, labda kama una pesa ya mwashi mzuri na muda wa miezi. Nyumba nyingi za mitaa yetu hazina nguzo za zege. Ukuta wenyewe ndio unaobeba paa. Kipande cha ukuta kati ya madirisha mawili kinabeba mzigo, na ukikipunguza, nyufa huanza kwenye pembe za dirisha na kupanda kuelekea manjanja (mabati ya paa). Dirisha jipya linataka linta (boriti ya juu ya tundu) inayokaa juu ya tofali angalau sentimita 20 kila upande. Na tundu la zamani lililozibwa bila kufumwa na matofali ya pembeni litajichora lenyewe kwenye plasta, kama kovu, mvua za kwanza zikipita.

## Hatua ya 1: Pima kutoka kwenye maji, si kutoka kwenye ardhi

Jaza mpira maji, hakikisha hakuna mapovu ndani. Mtu mmoja ashike ncha moja kona ya kushoto, mwingine kona ya kulia. Maji yakitulia, urefu wake ni sawa pande zote mbili. Weka alama, vuta uzi, chora mstari wa makaa ukutani kutoka mwisho hadi mwisho.

Sababu: ardhi ya lupango inateremka, na barza (baraza ya mbele) nayo mara nyingi inateremka ili maji yatoke. Ukipima dirisha moja kutoka chini hapa na jingine kutoka chini pale, utapata vipimo viwili vya uongo.

Sasa andika kila kitu: upana wa kila kipande cha ukuta, upana wa kila dirisha, urefu wa kingo ya chini na ya juu. Hii ni nyumba moja niliyoifanyia kazi, mita 10.80, kutoka kushoto kwenda kulia:

- ukuta 0.90
- dirisha la kwanza 1.20
- ukuta 0.60
- dirisha la pili 1.20
- ukuta 2.10
- mlango 0.90
- ukuta 0.50
- dirisha dogo la jikoni 0.60
- ukuta 2.80

Urefu kutoka usawa wa sakafu: madirisha makubwa yanaanza sentimita 95 na kuishia 215. Mlango unaishia 210. Dirisha la jikoni linaanza 140 na kuishia 200. Yaani mapengo hayafanani hata mawili, na juu kuna vimo vitatu. Nyumba ya kawaida kabisa.

Umefaulu kama jumla ya vipande inalingana na urefu wa ukuta mzima. Ikikosa sentimita 5, rudia. Usiseme "si kitu".

## Hatua ya 2: Ifanye nyumba ya uongo kwanza

Hii ndiyo hatua wanayoiruka wote, na ndiyo isiyogharimu franka hata moja.

Chukua magunia, vitenge vya zamani, makaratasi ya mifuko ya simenti, chochote chenye rangi nzito. Vitundike ukutani kwa misumari midogo pale unapofikiri kuweka giza: kati ya madirisha mawili ya kushoto, kuzunguka dirisha dogo, pembeni ya mlango. Chora kwa makaa mstari wa juu ya madirisha. Kisha toka nje ya geti, vuka barabara, geuka. Fumba macho nusu.

Ukifumba macho nusu huoni tena vitu vidogo, unaona mabonge ya giza na mwanga tu. Hivyo ndivyo mtu anayepita kwa pikipiki anavyoiona nyumba yako. Sogeza gunia, rudi barabarani, angalia tena. Mimi huchukua asubuhi nzima hapa, na majirani hucheka. Wacheke.

Angalizo: usipige msumari karibu na waya wa umeme unaoshuka kwenye kaunta (mita ya umeme), wala juu yake. Mara nyingi waya umefichwa chini ya plasta kutoka kaunta kwenda mlangoni, wima au mlalo. Hapo tumia gundi ya unga.

Umefaulu kama mtoto wa jirani akiulizwa "unaona vitu vingapi?" anajibu viwili au vitatu, si vinne.

## Hatua ya 3: Amua makundi

Kanuni yangu ni rahisi. Matundu mawili yaliyotenganishwa na ukuta mwembamba kuliko dirisha lenyewe, yaunganishe yawe kitu kimoja. Pengo kubwa, liache liwe kubwa kweli.

Kwenye nyumba ya mfano, madirisha ya kushoto yametengana kwa sentimita 60 tu. Ukuta huo wa kati ukipakwa rangi nzito ile ile ya fremu na antivoli (vyuma vya dirisha vya kuzuia wezi), jicho linasoma dirisha moja pana la mita 3. Kulia, dirisha la jikoni tutalikuza (hatua ya 5) mpaka lifike karibu na mlango, kisha tutaunganisha hivyo viwili: mlango 0.90, ukuta 0.20 uliobaki, dirisha lililokuzwa 1.20. Kundi la mita 2.30.

Kwa hiyo vitu vinne vimekuwa viwili, kimoja cha mita 3 na kimoja cha 2.30. Havilingani, na havihitaji kulingana. Vinatakiwa kuwa na uzito unaokaribiana tu.

## Hatua ya 4: Mkanda wa juu

Mkanda wa plasta unaopita juu ya madirisha yote, kutoka kona hadi kona, ndio unaofanya kazi kubwa kuliko kitu kingine chochote hapa. Jicho likishapata mstari ulionyooka juu, linasamehe mapengo ya chini.

Upana sentimita 15, unene sentimita 2. Kingo yake ya chini ikae sawasawa na kichwa cha dirisha refu kuliko yote, kwetu hapa 215. Usiushushe mkanda ufuate dirisha fupi. Dirisha fupi ndilo litakalopanda kuufuata.

Chora mistari miwili kwa kutumia uzi na alama za mpira wa maji. Ndani ya mistari hiyo, toboatoboa plasta ya zamani kwa patasi, vishimo vya karibu karibu. Ukifika kwenye linta, gusa juu juu tu, usifikie chuma. Kama ukuta uliwahi kupakwa chokaa, ikwangue yote kwa brashi ya waya mpaka uone plasta yenyewe. Simenti haishiki juu ya chokaa inayotoa unga. Nimeona mkanda mzima wa mita 9 ukidondoka usiku mmoja, ukalala kwenye maua kama nyoka. Kazi haikuwa yangu, lakini niliitwa kuokota vipande.

Piga misumari mbao mbili zilizonyooka, moja juu na moja chini, nafasi ya 15 kati yake. Hizo ndizo zitakupa kingo kali. Mwagia ukuta maji mpaka uache kunywa haraka. Rusha uji wa simenti kwa brashi. Changanya simenti 1 kwa mchanga 4, jaza sentimita 1, ikwaruze kwa msumari ikiwa bado mbichi. Kesho yake jaza sentimita ya pili, lainisha.

Vitu viwili vidogo ambavyo mafundi wa haraka huviacha. Kwanza, uso wa juu wa mkanda uupe mteremko kidogo kwenda nje, maji yasilale pale. Pili, upande wa chini wa mkanda, kabla haujakauka, kokota msumari kuchora kijifereji kimoja chembamba mwanzo hadi mwisho. Tone la mvua likifika hapo linadondoka. Bila kijifereji linarudi ukutani na kuchora machozi mekundu mpaka kwenye dirisha.

Cha tatu, kinachohusu urembo zaidi: uzungushe mkanda kona, uingie upande wa pembeni wa nyumba walau sentimita 40. Ukiukata pale pale konani, nyumba inaonekana imefungwa plasta ya hospitali.

Hewa ya kiangazi chetu ni kavu na upepo wake unanyonya maji. Funika mkanda kwa magunia yaliyolowa, umwagie asubuhi, mchana na jioni kwa siku 7. Simenti inahitaji maji ili ikomae. Ikikauka kwa nguvu, inapasuka nyufa nyembamba kama nywele.

Kwa matofali yaliyo wazi: usipige plasta. Paka tu mistari miwili au mitatu ya matofali rangi ya krimu, mfululizo, kwa kufuata uzi.

Umefaulu kama ukigonga mkanda kwa sarafu unasikia sauti nzito kote. Ukisikia uwazi, kama ngoma, kipande hicho hakijashika. Kitoe sasa.

## Hatua ya 5: Kuza dirisha dogo

Dirisha la jikoni ni 60 kwa 60. Tunataka lionekane 120 kwa 120 kama ndugu zake, bila kugusa tofali.

Chora mraba mkubwa kulizunguka: sentimita 30 kila upande, 15 kwenda juu mpaka liguse mkanda, na 45 kwenda chini mpaka 95, usawa ule ule wa kingo ya madirisha makubwa. Ndani ya mraba huo, piga plasta nyembamba na laini sana, tofauti na ukuta ulio na mikwaruzo. Baadaye itapakwa rangi nzito, na kutoka barabarani dirisha na kivuli chake vitakuwa kitu kimoja.

Ukipenda, weka mbao badala ya plasta, kama vibawa vya dirisha vilivyofunguliwa. Zinapendeza, lakini mchwa wa Lubumbashi hawahitaji kutambulishwa kwa mtu. Mimi nachagua simenti.

Mlango nao umepungukiwa sentimita 5 kufikia mkanda. Zijaze kwa rangi nzito tu. Kwenye matofali wazi, rangi pekee inatosha hatua hii yote.

## Hatua ya 6: Fremu, antivoli na rido

Paka fremu zote na antivoli zote rangi moja nzito. Kwangua kutu kwanza, paka rangi ya kuzuia kutu, ndipo rangi ya mwisho. Kama antivoli moja ina maua na nyingine ina almasi, weusi huficha tofauti hiyo zaidi ya unavyodhani, na unaokoa pesa ya fundi wa kuchomelea.

Rido (mapazia) je? Nyuma ya kioo kimoja nyekundu, nyuma ya kingine kitenge, nyuma ya cha tatu nailoni ya bluu: hapo kazi yote imepotea. Ndani ya chumba weka unachopenda, ila upande unaotazama barabara uwe kitambaa cha rangi moja kwa madirisha yote.

## Hatua ya 7: Rangi

Subiri wiki 4 tangu siku ya mwisho ya plasta. Simenti mbichi hushambulia mafuta yaliyomo kwenye rangi, rangi inageuka kitu kama sabuni na kubanduka kwa maganda. Hakuna njia ya mkato hapa, hata kama kuna harusi.

Rangi tatu, zisizidi:

1. Ukuta: rangi ya udongo hafifu au ya njano iliyofifia. Nyeupe tupu kwenye mtaa wa vumbi ni adhabu. Ifikapo mwezi wa nane itakuwa ya waridi.
2. Mkanda wa juu: krimu.
3. Nzito: fremu, antivoli, ukuta kati ya madirisha, mraba wa dirisha dogo, ukuta wa 0.20 kati yake na mlango, na mkanda wa chini.

Mkanda wa chini ni sentimita 60 kutoka ardhini, nyumba nzima mbele. Matone ya mvua yakipiga udongo hurusha tope jekundu ukutani kwa kimo karibu hicho. Rangi ya mafuta unaiosha kwa kitambaa. Na mstari wa pili mrefu, chini, unasaidiana na ule wa juu kuyabana madirisha katikati yake.

Mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi na ukuta unaweza kuwa na umande. Ngoja jua liupashe, lakini maliza kabla upepo wa mchana haujaanza kubeba vumbi. Mwagia maji ardhi mbele ya nyumba kabla ya kufungua kopo. Paka mikono miwili, ya pili ikifuata baada ya ya kwanza kukauka kabisa. Utepe wa karatasi uutoe rangi ikiwa bado ina ubichi, kwa kuuvuta ukiukunja kurudi nyuma. Ukingoja kesho, utang'oa na ukingo.

## Hatua ya 8: Pengo la kulia

Nyumba yetu ya mfano sasa ina mita 2.50 tupu kulia, wakati kushoto kuna 0.90 tu. Usitundike pale mapambo ya kila namna. Weka kitu kimoja kirefu.

Nilitumia kichanja cha fito chenye upana wa mita 1.20, nikakianzisha sentimita 40 kutoka kwenye mraba wa dirisha. Hesabu: 0.40 na 1.20 ni 1.60, inabaki 0.90 hadi kona. Yaani kona ya kulia na ya kushoto sasa zina pumziko sawa. Hapo ndipo mwenye nyumba, aliyekuwa kimya muda wote, alipovuka barabara mara ya tatu kwenda kuangalia.

Kichanja kiachane na ukuta sentimita 10 ili hewa ipite na rangi isioze. Panda bugenvilia, au marakuja kama unataka kula matunda ya kazi yako, nusu mita kutoka msingi. Mwembe, mparachichi na jamii ya mikuyu uwapeleke mbali. Mizizi yao haiheshimu misingi.

Taa na namba ya nyumba ziwekwe kando ya mlango, kwenye ukuta wa 2.10, karibu na mlango wenyewe. Sehemu iliyobaki iache tupu.

## Pesa ikiwa haitoshi

Fanya hatua ya 1 hadi ya 3, kisha ruka uende kupaka fremu, antivoli na ukuta kati ya madirisha rangi moja nzito. Kazi ya siku mbili na makopo mawili. Mkanda wa juu uutafutie simenti kiangazi kijacho.

## Mvua ya kwanza

Mvua zikirudi, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, toka nje mara tu inapoacha na uangalie chini ya mkanda wa juu. Ukuta ukiwa mkavu hapo, kijifereji kinafanya kazi. Ukiona chozi, tafuta sehemu iliyozibwa na rangi, mara nyingi ni pale brashi ilipopumzika, ukwangue kwa ncha ya msumari. Mkanda wa chini uoshe kabla tope halijakauka.